Baada ya Saa ya Kifo Kuandikwa

Ripoti ya usiku, wodi ya wanaume, hospitali yoyote kati ya Kilwa na Newala:

"Kitanda 7: hali ilibadilika 0250, daktari aliitwa, alihudumiwa bila mafanikio. Amefariki 0340. Ndugu wamejulishwa. Mwili umepelekwa mochwari 0510."

"Kitanda 8: anaendelea na seftriaksoni, dozi ya tatu. Amelala vizuri."

Kati ya mistari hiyo miwili hakuna hata nafasi ya kupumulia. Wino ni uleule na mwandiko ni uleule. Aliyeandika alikuwa, muda mfupi kabla, amepanda juu ya kitanda cha 7 akikibonyeza kifua cha baba wa watu. Asubuhi ataisoma ripoti hiyo kwa sauti mbele ya zamu inayoingia, atasaini, atabeba mkoba wake na kutafuta bodaboda.

Swali lililonikaa kichwani wiki kadhaa sasa ni hili: kile kifo anakwenda nacho wapi?

Mtu akifia nyumbani, Chikongola pale Mtwara au Mikumbi pale Lindi, mtaa mzima unajua la kufanya. Mikeka inatoka, turubai linafungwa, wanawake wanaingia ndani na wanaume wanakaa nje. Hata asiyemjua marehemu anasimama kidogo na kusema poleni. Wodini mtu anafariki na hakuna anayekaa chini.

Si kwa sababu wafanyakazi wa afya wana roho ngumu. Ni kwa sababu kitanda cha 8 kina dozi ya saa kumi na mbili.

## Nani anasema basi

Kifo cha nyumbani kinatokea. Cha hospitalini, mara nyingi, kinatangazwa: kuna mtu anaamua kwamba juhudi zimefika mwisho. Namna uamuzi huo unavyofanyika inaweza kuwanyima watu usingizi kuliko kifo chenyewe.

Kwa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, kifua kinabonyezwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Anayebonyeza abadilishwe kila dakika 2, maana baada ya hapo kina kinapungua hata kama mwenyewe anaapa hajachoka. Adrenalini ni miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5.

Sasa weka hayo kwenye zamu ya usiku yenye wauguzi wawili. Mmoja anabonyeza, mwingine yuko kwenye ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, daktari wa zamu yuko leba anamalizia kushona. Dawa anachoma nani? Saa anaangalia nani?

Hakuna.

Kesho yake kila mmoja anakuja na dakika zake. Huyu anasema tulianza mapema, yule anasema tulichelewa kumgeuza, na hakuna karatasi ya kuwaamua. Ndiyo maana mtu wa tatu, hata akiwa mhudumu wa wodi au mwanafunzi, apewe kalamu na saa tu, asishike kitu kingine: saa tulipoanza, saa ya kila dawa, saa tulipoacha. Karatasi hiyo inasaidia matibabu, lakini kwa maoni yangu faida yake kubwa inaonekana siku ya tatu, pale mtu anapoanza kujiuliza kitandani.

Na kiongozi asiseme basi peke yake. Aseme kwa sauti: "Tumefanya kwa dakika 30, tumetoa adrenalini mara saba, moyo haujarudi, sababu tunazoweza kuzitibu hapa tumezipitia. Kuna mwenye wazo tulilolisahau?" Halafu anyamaze sekunde kumi. Mara nyingi hakuna anayejibu. Lakini muuguzi aliyeulizwa mbele ya wenzake, na akatikisa kichwa kwamba hana wazo, hawezi baadaye kujiambia kwamba yeye alijua na hakupewa nafasi ya kusema.

Kwa mtoto mchanga Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2012: ukishampa hewa sawasawa kwa dakika 10 na moyo hausikiki kabisa, simama. Wakunga wengi hawasimami dakika ya 10. Wanaendelea hadi ya 20, hadi ya 25, mama akiwa anaangalia. Sijui kama ni sahihi kuwaita wakaidi.

Kisha kuna kuthibitisha kifo, hatua inayofanywa mbiombio kuliko zote. Mapigo ya shingoni, sauti ya moyo na ya pumzi kwa stethoskopu, mboni kwa tochi, kuitikia maumivu. Uingereza wanamtaka anayethibitisha asikilize na kutazama kwa dakika 5 kamili, kwa sababu ipo mara chache ambapo moyo hupiga tena dakika kadhaa baada ya kuacha kubonyeza. Dakika hizo 5 ni za marehemu, na ni za muuguzi pia. Mwili ukigeuzwa, hewa iliyobaki mapafuni hutoka na mlio kama wa kuguna. Misuli ya uso huweza kuchezacheza. Kama uthibitisho ulikuwa wa sekunde kumi na tano, mlio ule utamfuata aliyekuwa anamgeuza hadi nyumbani kwake.

Saa ya kifo nayo iandikwe kwa namna isiyo na utata. Faili linasema 03:40 na ndugu wanasoma saa tatu na dakika arobaini. Wao waliondoka wodini saa nne usiku akiwa anaongea. Hapo tayari kuna ugomvi: "Mlituficha." Andika 03:40, kisha useme kwa mdomo saa tisa na dakika arobaini usiku.

## Kazi ya mikono

Ukiwauliza wauguzi wa miaka mingi ni kitu gani kinachowasaidia, wachache watakutajia ushauri nasaha. Wengi watakutajia kumtayarisha marehemu.

Pazia linazungushwa kitanda. Mwili unalazwa chali, mikono na miguu imenyooshwa, mto mmoja chini ya kichwa ili damu isituame usoni na kuuacha mweusi. Kope zinafungwa kwa kushikiliwa kidogo, au kwa pamba yenye maji juu yake. Taya linafungwa kwa bandeji au kwa kuweka taulo lililokunjwa chini ya kidevu. Hili haliwezi kusubiri asubuhi: mwili huanza kukakamaa saa 2 hadi 4 baada ya kufa, na taya na shingo ni vya kwanza. Kwa joto letu la Januari subira hiyo ni ghali zaidi. Mdomo ukikakamaa wazi, ndugu watauona wazi, na hiyo ndiyo sura watakayoikumbuka.

Halafu kanula, mpira wa mkojo, mpira wa puani vinatolewa, na matundu yanazibwa kwa pamba na plasta. Isipokuwa kifo cha ajali, kipigo, sumu au chochote kitakachohitaji polisi: hapo kila mrija unabaki ulipo, unafungwa tu. Muuguzi mgeni anayetoa kila kitu kwa heshima anaweza kuwa ameondoa ushahidi, na wiki moja baadaye anaitwa kujieleza. Damu iliyomwagika inawekewa klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Kama JIK yenu ni ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu 1 ya JIK na sehemu 6 za maji. Lebo ni mbili, moja kwenye kifundo cha mguu na nyingine juu ya shuka, zenye jina kamili, wodi, tarehe na saa. Kubadilishana miili hakuanzii mochwari. Kunaanzia kwenye lebo iliyoandikwa "Mohamedi, wodi 3", siku wodi ilipokuwa na Mohamedi wawili.

Marehemu akiwa Mwislamu, na huku pwani ndio wengi, muuguzi anasafisha damu na uchafu tu. Kuosha ni kazi ya ndugu na watu wa msikitini, wanaume kwa mwanaume, wanawake kwa mwanamke. Uso uelekezwe kibla. Mtwara na Lindi zina bahati hapa: Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na sisi, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, karibu kamili. Wodi inaweza kuweka alama ndogo ya mshale ukutani na suala likaisha.

Haya yote, yakifanywa na watu wawili bila kukimbizana, huchukua nusu saa hivi. Ni nusu saa ya mwisho ya kumhudumia mtu yule, na ni mahali pekee kwenye utaratibu mzima ambapo muuguzi anaruhusiwa kuwa taratibu. Wengine humwita marehemu kwa jina wakimgeuza: "Baba, tunakugeuza kidogo." Nimeshasikia watu wakilicheka hilo. Mimi naliona ni la busara kuliko mabango mengi ya afya ya akili yaliyobandikwa kwenye korido.

Muuguzi mmoja wa Virginia, Marekani, Jonathan Bartels, alianzisha jambo dogo baada ya kifo kwenye chumba cha dharura. Kabla watu hawajatawanyika, mmoja anaomba wote wasimame kimya kwa muda usiozidi dakika, kumheshimu aliyekufa na kazi iliyofanywa. Hakuna sala ya dini fulani, kila mtu na yake moyoni. Limeenea hospitali nyingi kwa sababu halina gharama. Hapa kwetu lingeingia bila shida yoyote, maana kusimama kimya mbele ya maiti ni jambo tulilolelewa nalo. Ajabu ni kwamba tukivaa sare tunalisahau.

## Mjomba yuko wapi?

Vitabu vya kutoa habari mbaya vinatoka nchi ambazo ndugu ni mke, mume au mtoto. Utaratibu wenyewe si mbaya: tafuta sehemu ya faragha, kaa chini, uliza wanajua nini hadi sasa, sema kwa maneno ya wazi kwamba amefariki, nyamaza, kisha eleza kinachofuata.

Ila kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Ukimwambia mume peke yake koridoni kwamba mkewe amefariki, unaweza kuwa umemtupia mzigo asio na mamlaka nao: sasa ni yeye anayepaswa kuwaeleza wakwe, na watamuuliza alikuwa wapi. Uliza mapema, hali inapoanza kubadilika: "Mkubwa wa familia aliyepo ni nani? Mjomba wake yuko mjini?" Akiwa Tandahimba, apigiwe simu aambiwe aje, hali si nzuri. Habari yenyewe isubiri uso kwa uso ikiwezekana.

Watumishi wawili waingie. Mmoja anaongea, mwingine yuko pale kwa ajili ya atakayeanguka, na pia kwa ajili ya mwenzake. Daktari kijana aliyetoa habari peke yake saa tisa usiku, akapigiwa kelele na kuitwa muuaji, hatalisahau neno hilo kwa sababu hakuwa na shahidi wa kumwambia baadaye: "Ulisema vizuri. Wale walikuwa na uchungu."

Halafu kile kilio. Mama anapiga ukelele na wodi nzima inaamka. Wagonjwa thelathini wanaangalia dari. Mzee wa kitanda cha 8, ambaye ripoti itasema amelala vizuri, yuko macho, na atamuuliza nesi swali moja tu: "Sista, na mimi?" Hakuna mafunzo yanayomwandaa mtu kwa swali hilo dakika kumi baada ya kumfunika jirani yake.

Suala la bili nalo. Likiletwa pale pale, na yule yule aliyefunga kope, huduma yote iliyotangulia inafutika. Mwachieni afisa ustawi wa jamii na mhasibu, asubuhi.

## Utani wa chumba cha chai

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu.

Pita nje ya chumba cha chai baada ya usiku mbaya, utasikia kicheko. Kikubwa, cha kweli. Wanamtania daktari aliyepoteza kiatu akikimbia, au wodi inayotoa wateja wengi kwa mochwari. Ndugu aliyekaa kwenye benchi la nje akisikia hivyo, anajua moja tu: hawa hawana utu.

Lakini sisi watu wa kusini tunajua kicheko cha msibani. Watani wakifika huwa hawanong'oni. Wanalala njiani kuzuia jeneza lisipite, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanadai pesa kwa wafiwa. Na watu wanacheka, machozi yakiwa bado usoni. Hakuna anayesema mtani hana utu. Anafanya kazi yake.

Kwa hiyo kicheko cha chumba cha chai hakinisumbui tena kama zamani. Kinachonisumbua ni kwamba hakina masharti. Mtani wa kweli anajulikana: ni kabila hili kwa lile, au babu na mjukuu, na ana wajibu pamoja na ruhusa. Anacheka, lakini pia huwa mbele kwenye kuchimba kaburi. Utani wa hospitalini unafaa ukiwa kati ya wale waliokuwepo pale kitandani, mlango umefungwa, na ukimlenga mtaniaji au hali yenyewe. Ukianza kumlenga marehemu, mwili wake, kijiji chake, au kuchelewa kwake kwa mganga wa kienyeji, umeshageuka kuwa kitu kingine, na aliyekaa kimya pembeni ameuona. Muuguzi mfawidhi mzuri anajua kuusimamisha bila hotuba. Anatazama tu.

## Kitanda badala ya jina

Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia, aliwachunguza wauguzi wa hospitali moja ya London na kuchapisha alichokiona mwaka 1960. Hospitali ilikuwa imejipanga, bila mtu kukusudia, ili muuguzi asimkaribie mgonjwa mmoja kwa muda mrefu. Kazi ziligawanywa vipandevipande: huyu anapima joto wodi nzima, yule anagawa dawa wodi nzima. Wagonjwa waliitwa kwa kiungo au namba ya kitanda. Uamuzi mdogo ulipandishwa ngazi kwa ngazi. Yote hayo yalipunguza woga wa siku ile, lakini woga haukuisha, na wanafunzi wengi waliacha kozi.

Hiyo ni London ya miaka 60 iliyopita na zaidi. Sasa sikiliza makabidhiano ya zamu kwetu: "Yule wa ini kitanda cha 12." "Sepsis ya pembeni kule." "Mama wa ile dripu."

Sitaki kulaumu. Namba ya kitanda inasaidia mtu kufika mwisho wa mwezi. Ila ina gharama yake, na gharama hiyo huja na alama zinazojulikana: mtu anachoka hata baada ya likizo, anaanza kuwaongelea wagonjwa kwa dharau, na anaamini kwamba anachofanya hakina maana. Mtu wa hivyo haonekani mgonjwa. Anaonekana mkali. Ndugu wanamshtaki, uongozi unampa barua, na hakuna anayeuliza ni vifo vingapi alivyovipitia tangu masika.

Mkongwe atasema: utazoea. Nimebadilika kuhusu kauli hii. Zamani niliiona ni ukatili. Sasa naona ina ukweli nusu: mikono inazoea, na ni lazima izoee, la sivyo kanula haitaingia. Nusu nyingine hawaisemi, kwamba vipo vifo ambavyo mkongwe mwenyewe hakuvizoea, na anapita mbali na kitanda fulani hadi leo.

## Leba

Kwingine kote kifo kina wodi yake. Leba kina jirani. Kitanda hiki mtoto amelia, shangazi anapiga vigelegele mlangoni, kitanda cha pili mtoto ametoka kimya. Mkunga ni mmoja.

Anachofanya mkunga aliyezidiwa ni kumkwepa mama aliyefiwa. Anapita, anaangalia dripu, haangalii uso. Si dharau, hana la kusema. Lakini kuna mambo ya kufanya, na kufanya ni rahisi kuliko kusema. Mhamishie chumba kingine au hata kona ya wodi ya magonjwa ya wanawake. Mwulize kama anataka kumwona mtoto, umfunike mtoto vizuri kwanza, umwambie utakachomwonyesha. Mwambie mapema kwamba siku ya pili hadi ya nne maziwa yatakuja, kwamba akiyakamua asiyamalize, avae sidiria inayoshikilia vizuri bila kubana na aweke kitambaa cha maji baridi. Mama asiyeambiwa hilo anashtuka kwao Nanyamba, peke yake, matiti yamejaa na mtoto hayupo.

Mama akifariki mwenyewe, mambo yanageuka. Vifo vya uzazi vimepungua sana nchini: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni habari njema mno. Upande wake wa pili ni kwamba kila kifo sasa kinaangaliwa na macho mengi: taarifa itolewe ndani ya saa 24, kikao cha uchambuzi ndani ya siku 7, simu kutoka mkoani na wakati mwingine juu zaidi. Mwongozo unasema majina yasitajwe na lawama zisitolewe. Kilichoandikwa ni kizuri kabisa.

Chumbani huwa ni vingine. Mkunga anakaa mwisho wa meza, faili lake liko mikononi mwa watu kumi na wawili, na swali la kwanza linaanza na "Kwa nini hukufanya..."

Hofu ya swali hilo hufanya kazi hata kabla ya kifo. Inaingia kwenye kalamu. Mtoto aliyezaliwa na moyo unapiga, akafa baada ya dakika nane, anaandikwa amezaliwa mfu, kwa sababu mfu haulizwi ambu ilikuwa wapi. Grafu ya uchungu inajazwa baada ya kujifungua, mistari imenyooka ajabu. Hapo hospitali inapoteza mara mbili: mtumishi amebeba siri, na takwimu haziwezi tena kuonyesha kwamba ambu ya ukubwa wa mtoto mchanga haikuwepo.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu alieleza kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kisa cha daktari kijana aliyeshindwa kuona dalili za maji kubana moyo kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Habari zilienea hospitali nzima, wenzake wakawa kama baraza la kumhukumu, na Wu akaona kwamba angeweza kuwa yeye. Asiyewahi kukaa kwenye kiti kile ni mgeni wa kazi hii.

## Usimlazimishe kuongea

Watu wakishalitambua tatizo wanakimbilia suluhisho moja: kikao. Tuwaite wote waliokuwepo, kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia, watoe, wapone.

Niliiamini njia hii. Kisha nikakutana na mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kulinganisha tafiti za tiba: kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie tukio muda mfupi baadaye hakizuii maradhi ya mshtuko, na katika baadhi ya tafiti waliokipitia walikuwa na hali mbaya kuliko ambao hawakukipitia. Baadaye Shirika la Afya Duniani nalo likashauri kisitumike kwa ajili hiyo.

Kinachobaki ni kidogo, na kinawezekana. Dakika tano kabla ya zamu kuisha, wakiwa wamesimama: nini kimetokea, kuna kifaa kilichokosekana, nani anahitaji kutoka wodini kwa nusu saa. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Maswali ya nani alikosea yasiguswe hapo, yana siku yake na meza yake. Kuchanganya kumfariji mtu na kumhoji kwenye kikao kimoja ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na hufanywa na viongozi wenye nia njema.

Wiki mbili tatu za kwanza, usingizi kukatika, picha ya tukio kurudi, kukagua dozi mara nne badala ya mbili, ni mambo ya kawaida na mengi hupungua yenyewe. Yakivuka mwezi, au mtu akianza kubadilishana zamu ili asikutane na chumba fulani, au pombe ikawa ndiyo dawa ya kulalia, anahitaji mtaalamu. Na hapa kuna shida ya miji midogo ambayo sioni ikisemwa: mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ni mwenzake wa chumba kile kile cha chai. Nani atamfungukia? Hospitali zingepeana watu. Wa hospitali ya Ligula, Mtwara, aongee kwa simu na mtu wa Sokoine, Lindi, wa Ndanda aongee na wa Nyangao. Inahitaji barua moja ya makubaliano na vocha.

Kwenda msibani? Wapo wanaosema mtumishi asiende, ataonekana anatafuta msamaha. Mji wenyewe ni huu huu, utakutana na wafiwa sokoni kesho kutwa. Naona aende akitaka, na mwenzake, bila sare, atoe rambirambi yake kama jirani na aondoke kabla ya maswali ya kitabibu. Akitakiwa na mwajiri aende kuiwakilisha hospitali, hiyo ni kazi nyingine, afanye kiongozi.

## Wasioitwa

Mwanafunzi wa uuguzi aliye wodini kwa mara ya kwanza mara nyingi anaambiwa, yeye na mwenzake wa umri uleule: "Nendeni mkamfunge." Wasitumwe peke yao. Mmoja awe mkongwe, aeleze kabla ya kufunua shuka watakachokiona, kwamba mwili utakuwa bado na joto, kwamba hewa inaweza kutoka na mlio.

Mhudumu wa usafi aliyefuta damu ya mama sakafuni hajawahi kuulizwa ameiona vipi. Wa mochwari anapokea miili usiku kucha na kuifungulia wafiwa asubuhi, na wenzake wanasita kumpa mkono.

Na dereva wa ambulensi. Huyu alimchukua mama kutoka zahanati ya mbali huko Liwale au Nanyumbu akiwa anaongea, akamsikia nyuma akinyamaza, akaendelea kuendesha. Kikao cha siku ya saba kinachambua ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua nyumbani, wa kufika, na wa kuhudumiwa. Ule wa kufika unajadiliwa na watu ambao hawakuwemo kwenye gari, kwa kutumia saa zilizoandikwa kwenye fomu ya rufaa. Dereva yuko nje anaosha gari. Ndiye anayejua kwamba zile saa mbili zisizo na maelezo hazikuwa za barabara: moja ilikuwa ya kusubiri saini ya mafuta, na ya pili ya kumsubiri muuguzi wa kusindikiza, ambaye alikuwa peke yake zamu na hakuwa na wa kumwachia wodi.